Fundo Alivyokaza Ubao wa Bata

Ubao wa Bata ulikuwa umepasuka ubavuni, kulia na kushoto, na aliyeupasua ni baba yake. Alikuwa ameukaza. Siku ilikuwa Jumatano, saa sita na nusu mchana, na Jumamosi asubuhi Bata alitakiwa kusimama juu ya ubao huohuo ziwani, mbele ya watu waliokuwa na kazi ya kumpa mtu mmoja tu.

Baba huyo aliitwa Fundo mtaa mzima, na jina hilo alilifanyia kazi. Alikuwa akihamisha watu. Ukihama nyumba unamwita Fundo na pikapu yake. Anapakia kabati, friji, vitanda na meza ya kioo, anafunga, anakaza, anaondoka, na kila kitu kinafika kama kilivyotoka. Kwenye mlango wa dereva alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe: MIAKA 22, HAKIJAVUNJIKA KITU. Kila mwaka mpya ulipoingia alifuta namba na kuandika inayofuata. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Aliifanya mwenyewe kwa brashi ndogo, akiwa amevaa shati safi.

Ubao wenyewe, kwa asiyeujua, ni ule wa kusimamia majini. Unaupanda, unasimama wima katikati, unapiga kasia moja refu, unakwenda. Ni mrefu kuliko mlango, lakini mtu mmoja anaubeba kwapani, kwa sababu ndani yake hamna mbao hata kipande. Ni povu jeupe, lile linalojazwa kwenye maboksi ya friji mpya, na juu yake limevikwa gamba jembamba, gumu. Bata aliupata kwa mtu, umetumika, kwa akiba ya miaka miwili ya kufundisha watoto kuogelea. Yeye mwenyewe jina la Bata alipewa na mama yake, kwa kuwa alijua kuogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Jumanne jioni, mezani, Bata alikuwa amemwambia baba yake:

"Baba, kesho ukipita upande wa mtoni nichukulie ubao kwa mwenzangu, uniwekee stoo. Lakini nisikilize vizuri. Usiuache juani. Na usitumie ile mikanda yako ya mkono wa chuma. Nimekuwekea mikanda laini kwenye mfuko wa bluu. Unavuta kwa mkono, basi, unaacha."

"Mwanangu," Fundo alisema huku akitafuta chumvi, "mimi nimefunga piano wewe ukiwa bado unanyonya."

"Huu si piano."

"Nimesikia."

Alisikia nusu. La jua alilishika, akaufunika ubao kwa blanketi mbili mwanzo mwisho. La mikanda lilipita sikio hili likatokea lile. Mfuko wa bluu ulibaki chini ya kiti, na Fundo akachukua mikanda yake ya kila siku, ile yenye mkono wa chuma unaoupampu juu chini mpaka mkanda unakauka kama waya. Akapampu. Kisha, kama alivyozoea, akaudonoa mkanda kwa kidole. Mkanda usiolia, kwake, ulikuwa haujafungwa. Huu ulilia. Akaongeza mipigo mitatu, kwa kuwa mzigo ulikuwa wa mtoto wake na hakutaka utikisike. Akasikia kitu kimesema *kwach*. Akadhani ni pikapu. Kuukuu, haiishi kelele.

Sasa alikuwa stoo, blanketi ziko chini, na pale mikanda ilipopita gamba lilikuwa limebonyea na kupasuka, ufa wa urefu wa kiganja kila upande. Punje nyeupe za povu zilikuwa zikidondoka sakafuni.

Mkewe alitoka kwenye kijichumba cha mbele, alikokuwa akipokea simu za wateja na kuandika tarehe. Alitazama ubao, akamtazama mumewe.

"Umekaza."

"Nimekaza."

"Baba Bata, mtoto si alikwambia?"

"Aliniambia."

"Sasa?"

"Sasa nautengeneza. Bampa anaunga vitu kama hivi kila siku. Jioni Bata akirudi atakuta umepona, hatajua kama uliumwa."

"Atajua."

"Atajuaje?"

"Kwa uso wako. Wewe hujui kuficha hata zawadi." Simu ikalia kule mbele. Akaanza kuondoka, kisha akageuka mlangoni. "Mpigie."

Hakumpigia. Alitandika blanketi zote mbili kwenye pikapu, akaulaza ubao juu yake, akaufunga kwa mikanda ya mfuko wa bluu, ambayo sasa aliiona bila shida, akaenda kwa Bampa kwa mwendo wa msafara wa mazishi.

Bampa alikuwa kijana mnene mwenye mikono myepesi. Kibanda chake kilikuwa na bampa za magari zilizoning'inia kila mahali kama nguo kwenye kamba, na harufu ya gundi ilikupokea kabla yake. Aliuzunguka ubao mara mbili.

"Mzee Fundo, nani amekuharibia?"

"Mimi."

"Wewe?" Bampa aliinama akachungulia mlango wa pikapu. "Na maandishi yale?"

"Bampa, nimekuja na ubao. Mlango nimekuja nao kwa sababu umeshikana na gari."

Bampa alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akasema kazi hiyo ni ya nusu saa, akavuta kopo lake la gundi, ile anayoungia bampa, akalifungua kwa bisibisi. Harufu ikapanda, kali, ya kuchoma pua.

Fundo alikuwa hana shule ya kutisha. Aliacha darasa la sita. Lakini alichokishika kwa mikono hakikumtoka. Harufu ile ilimkumbusha siku aliyobeba friji mpya na kopo la tona, ile ya kuyeyushia rangi, pembeni, kopo likapinduka njiani, na walipofika povu la kwenye boksi la friji lilikuwa limeliwa, mashimo matupu. Friji ilikuwa nzima. Povu ndilo lililokwisha.

"Ngoja," alisema.

"Ningoje nini? Nimeshafungua."

"Nimesema ngoja."

Aliokota punje za povu zilizodondoka kwenye blanketi, akaziweka ndani ya kifuniko cha soda. "Tia tone."

Bampa akatia tone moja. Wote wawili wakainama. Punje zilikaa kidogo, zikalegea, zikazama, zikaisha. Ndani ya kifuniko kukabaki uji mzito usiojaa hata ncha ya kijiko.

Bampa alikitazama kifuniko kana kwamba kimemtukana. "Mzee, ningemimina hii ningekurudishia ganda tupu."

"Funga kopo lako. Sasa gundi isiyokula povu ni ipi?"

"Mimi nitajuaje? Mimi ni wa bampa."

Aliyejua alikuwa mmoja. Fundo alitoa simu, akaishika muda wa kutosha kumfanya Bampa ajitie anafagia. Kisha akapiga. Upande wa pili zilisikika kelele za watoto na maji.

"Baba? Nipo na wanafunzi."

"Nimekupasulia ubao."

Watoto walipiga kelele. Mmoja aliruka, maji yakasema *chubwi*.

"Wapi?"

"Ubavuni. Pande zote mbili. Urefu wa kiganja."

"Umetumia ya chuma."

"Nimetumia ya chuma."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Maneno yote yaliyomjia Fundo yalikuwa ya kujitetea, akayameza.

"Na sasa uko wapi?"

"Kwa Bampa. Alitaka kuunga na gundi yake nikamzuia, tumeijaribu, inakula povu."

Alimsikia Bata akivuta pumzi kwa nguvu. "Hamjamimina?"

"Hatujamimina."

"Baba, usiguse kitu. Nakuja. Mwambie na huyo Bampa asiguse."

"Sijagusa, dada!" Bampa alipaza sauti kutoka kwenye fagio lake.

Bata alifika na nywele mbichi na begi mgongoni. Alimwamkia baba yake, kwa kuwa adabu ni adabu, kisha hakumwangalia tena kwa saa nzima. Alipiga magoti kando ya ubao, akapitisha kidole kwenye ufa wa kushoto, kisha wa kulia. Macho yalimjaa maji. Akayafuta kwa kiwiko, akaanza kuamrisha.

"Uko mkavu, hiyo ndiyo bahati yetu. Ungekuwa umetoka majini, povu lingekunywa na tungekaa wiki tukiukausha. Inatakiwa gundi ya epoksi, kopo kubwa na kopo dogo, wanauza wale wa kuziba matangi ya maji. Na kitambaa cha nyuzi za kioo."

"Kitambaa ninacho," Bampa alisema.

"Baba, epoksi."

Fundo alikwenda mbio. Hakuuliza bei. Aliporudi, Bampa na Bata walikuwa wamekwishapiga msasa kuzunguka nyufa mpaka rangi ikatoka. Bata alipima gundi kwa mizani ndogo ya jikoni, sehemu mbili za kopo kubwa kwa moja ya kopo dogo, akajaribu kwanza ndani ya kifuniko. Punje ya povu ilikaa palepale, nzima, inang'aa. Ndipo walipojaza nyufa, wakalaza kitambaa tabaka mbili, na Bampa akakipapasa kwa brashi mpaka hakikubaki hata kiputo kimoja cha hewa. Kwa kazi hiyo mikono yake ilikuwa ya dhahabu, Fundo alikiri.

Ubao ulilala stoo siku nzima ya Alhamisi, kivulini, umelazwa bapa juu ya mihimili miwili iliyoviringishiwa vipande vya zulia, mbali na bati na mbali na mlango. Fundo alighairi kazi ya Alhamisi na ya Ijumaa. Hakuhitajika. Gundi hukauka bila mlinzi. Lakini alikaa.

Ijumaa jioni Bata alipiga msasa wa mwisho, akapaka rangi, akabonyeza kwa kidole gumba. Hakikubonyea kitu. Kisha akaonyesha skrubu ndogo mgongoni mwa ubao, yenye mpira chini yake.

"Hiki ni kizibo cha hewa. Kesho tunapanda mlima. Hewa ya ndani inavimba ukiwa juu, na ikipata joto vilevile. Isipopata pa kutokea inanyanyua gamba. Kwa hiyo njiani kinalegezwa kwa sarafu, kabla ya maji kinakazwa. Kikisahauliwa wazi, ubao unakunywa maji."

Safari hii Fundo alisikia yote. Alichagua sarafu inayoingia sawasawa, akaitia mfuko wa shati.

"Jambo jingine," Bata alisema. "Kesho wewe unaendesha. Ninafunga mimi."

Mama yake aliyekuwa akipita na ndoo alisimama. Kumwambia Fundo asifunge ni kama kumwambia kinyozi asishike wembe. Walimsubiri wote wawili.

"Sawa," Fundo alisema.

"Umesema nini?" mkewe aliuliza.

"Nimesema sawa. Mnataka niandike?"

Asubuhi yake, mapema, kulikuwa na suala la godoro. Bata alitaka kitu kinene na laini cha kulalia ubao, na blanketi hazikutosha. Fundo aliingia chumba cha wageni akatoka na godoro begani na kisu mkononi.

"Godoro la wageni?" mkewe alisema.

"Mgeni gani? Shangazi yako mara ya mwisho alikuja lini?"

"Atakuja ukishalikata."

Alilikata vipande viwili. Bata aliulaza ubao mgongo juu, pua mbele, akapitisha mikanda laini na kuivuta kwa mkono mmoja mpaka ubao ukatulia, akaacha. Fundo alisimama pembeni. Mikono ilimwasha.

"Mbona unaning'inia?"

"Hauning'inii. Tikisa."

Alitikisa. Ubao na pikapu vikatikisika pamoja.

"Mvuto mmoja tu, Bata. Mdogo."

"Baba, mikono nyuma."

Akaweka mikono nyuma. Lakini alipouona mkanda umelala bapa kutoka upande hadi upande hakuweza kunyamaza. "Huo utapiga kelele barabarani. Upepo utauchezesha mpaka ulegee wenyewe. Usokote mara moja kabla ya kuufunga, upepo hautaushika. Hilo si la kukaza, ni la kusokota."

Bata alifikiri. Kisha akausokota mara moja, kila mkanda, akafunga tena. Ikawa mara ya kwanza tangu Jumatano kumtazama baba yake machoni.

Baada ya dakika kumi za mwendo walisimama, Bata akashuka kukagua. Hakuna kilichosogea, na mikanda ilikuwa kimya njia nzima. Mlima ulipoanza alilegeza kizibo kwa sarafu ya baba yake, akairudisha. Waliteremka upande wa pili saa tatu, ziwa likiwa chini yao, limetulia. Kituo cha kukodisha mbao za majini, chenye ile kazi ya mtu mmoja, kilikuwa nyumba ndefu yenye banda la mbao, gati dogo na uwanja wa lami. Magari manne yalikuwa yameshafika na kujipanga juani, mbao juu yake. Fundo aliyapita akaegesha nyuma ya ukuta, kwenye kivuli, mbali kidogo.

Mkuu wa kituo alikuwa mama mwenye kofia pana na filimbi shingoni. Alisema kwamba kabla ya mtu kugusa maji, kila mmoja alaze ubao wake nyasini. Waliokuja kujaribiwa walikuwa watano. Mama yule alitembea polepole akibonyeza. Kwenye ubao wa tatu, uliokuwa umekaa juani tangu alfajiri, mgongo ulikuwa umeinuka malengelenge matatu kama mguu uliovaa kiatu kipya.

"Kizibo umelegeza?" aliuliza.

"Kizibo gani?" mwenye ubao akauliza naye.

Mkuu wa kituo akapita. Alifika kwa Bata, akachuchumaa, kidole gumba juu ya kiraka.

"Umeugonga wapi?"

"Haukugongwa. Ulikazwa mikanda mno."

"Na nani?"

Bata alisita. Nyuma ya kamba ya wasindikizaji, Fundo alijibu kabla yake: "Na mimi, baba yake. Aliniambia nisikaze nikakaza."

Watu wakageuka. Mkuu wa kituo alimpima kwa macho, kisha akamgeukia Bata. "Kiraka?"

"Epoksi na kitambaa, tabaka mbili. Siku mbili kivulini."

"Haya. Majini, wote."

Hapo ndipo moyo wa Bata ulipoanza kwenda mbio, na mtu akiwa hivyo husahau. Aliunyanyua ubao, akashika kasia, akatembea na wenzake. Fundo alitia mkono mfukoni kutafuta leso, akagusa sarafu. Tangu mlimani haikuwa imetoka tena. Bata alikuwa tayari ndani ya maji hadi magotini, ubao bado kwapani.

"Bata! Kizibo!"

Sauti ile ilikuwa ya kusimamisha gari linalorudi kinyumenyume. Ziwa zima liliisikia. Bata aliganda. Kisha akarudi nchi kavu, uso umemwiva, akanyoosha mkono. Fundo alimrushia sarafu, Bata akaidaka, akakaza kizibo, akairusha tena.

"Mzee," alisema msindikizaji mmoja, "yaani wewe ndiye unayemfundisha?"

"Aaa," Fundo alisema. "Ananifundisha yeye. Mimi leo nimeshika tu."

Bata alizunguka maboya yote matatu, akaangushwa na mawimbi ya boti ya kituo, akapanda tena, akamvuta aliyejifanya kuzama mpaka gatini. Kwa kasi alikuwa wa pili. Aliporudi, mkuu wa kituo aliupindua ubao, akafuta kiraka kwa leso, akasubiri, akafuta tena. Leso ilitoka kavu.

"Nina mbao kumi na nane na trela moja," mama yule alisema. "Kila msimu zinaharibika nne, na si ziwani. Barabarani na stoo. Kupiga kasia nitamfundisha yeyote. Huu wako, leo, umefungwa na nani?"

"Mimi," Bata alisema.

Fundo alifungua mdomo. Ule msokoto kwenye mikanda ulikuwa wake. Akaufunga mdomo.

"Unaanza Jumatatu."

Kurudi, Bata alifunga tena, baba yake akashika mikono nyuma bila kuambiwa. Mlimani kwenye kona ya tatu Bata alilala usingizi kichwa dirishani, na Fundo akaendesha kwa gia ndogo mpaka nyumbani.

Iligharimu hivi. Makopo mawili ya epoksi na kitambaa nusu mita, ambacho Bampa alikataa kulipwa. Wateja wawili wa Alhamisi na Ijumaa, waliohamishwa na mtu mwingine na hawakupiga simu tena. Mikanda miwili ya mkono wa chuma, aliyomgawia Bampa. Godoro la wageni, moja. Shangazi alifika Jumapili mchana na mabegi matatu, akalala kwenye kochi siku tisa. Jina, kwa kuwa Bampa hakuweza kufunga mdomo wake, na tangu wiki ile mtaani hakuna anayemwita Fundo, wanamwita Legeza. Na miaka ishirini na miwili, ambayo aliifuta mlangoni mwenyewe kwa tona na kitambaa, Jumapili asubuhi, akiwa amevaa shati safi, akaandika: SIKU 4.